Jicho vivu na makengeza ya watoto: maswali ambayo wazazi huniuliza hapa Kisumu

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, na baba wa msichana aliyezibwa jicho la kulia kwa karibu miaka miwili, kisha akafanyiwa upasuaji wa makengeza akiwa na miaka sita. Tangu wakati huo wazazi hunisimamisha langoni mwa shule au hunipigia simu usiku, na maswali ni yale yale. Majibu haya nimeyapata kwa waliomtibu, kwa kusoma, na mengine kwa kukosea. Mtaalamu aliyempima mwanao ndiye wa kumsikiliza kwanza.

Makengeza na jicho vivu si ni kitu kimoja?

La, na kuchanganya mambo haya mawili kulitugharimu sisi karibu mwaka mzima. Makengeza ni macho kutoelekea mahali pamoja: moja linakutazama, jingine limeelekea puani, sikioni, juu au chini. Hilo hata kondakta wa matatu ataliona. Jicho vivu ni shida ya kuona, na mara nyingi halina alama yoyote usoni. Mtoto hazaliwi akijua kuona vizuri. Ubongo hujifunza kazi hiyo katika miaka ya mwanzo, ukipokea picha safi kutoka kwa macho yote mawili. Picha ya upande mmoja ikiwa mbovu, ubongo unaegemea upande mwingine na kuupuuza ule mbovu, hadi jicho hilo linazoea kukaa bure. Jicho lenyewe laweza kuwa zima kabisa. Kilichokosekana ni mazoezi ya kuona.

Picha huwa mbovu kwa sababu kuu tatu. Ya kwanza ni makengeza yenyewe: ubongo ukiletewa picha mbili zisizolingana, unaizima moja ili mtoto asione vitu viwili viwili. Ya pili ni macho kutofautiana nguvu, moja likihitaji lenzi kali na jingine halihitaji chochote. Ya tatu ni kizuizi, kama mtoto wa jicho au kope iliyolegea ikafunika mboni. Hiyo ndiyo mbaya zaidi na haitaki kungojewa. Binti yangu alikuwa na zile mbili za kwanza kwa pamoja.

Kama jicho limenyooka, nitajuaje kwamba ni vivu?

Pengine hutajua, kwa sababu mtoto mwenyewe halalamiki. Hajawahi kuona kwa namna nyingine, basi anadhani kila mtu anaona hivyo.

Ila kuna mchezo mdogo wa kufanya nyumbani. Mpe kitu anachokipenda, kisha mfunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, halafu ubadilishe. Wangu nilipomfunika la kushoto aliendelea kupaka rangi kitabu chake. Nilipomfunika la kulia aliusukuma mkono wangu, akalia, akasema nimezima taa. Mtoto anayekataa kufunikwa upande mmoja tu anakueleza jambo. Darasani mimi hutazama pia anayeinamisha kichwa kila anaposoma ubao, na anayekosa kudaka mpira uliorushwa polepole. Anayefumba jicho moja juani naye apimwe, kwa sababu hiyo yaweza kuwa dalili ya makengeza ya kutoka nje, yaani jicho kuelekea sikioni, yanayokuja na kuondoka.

Mchezo huu hauchukui nafasi ya kipimo. Ningekuwa na uwezo, kila mtoto angepimwa macho, moja moja, kabla ya kuingia gredi ya kwanza. Jambo lenyewe halina ugumu: kule Trans Nzoia walimu walifundishwa kuwapima wanafunzi kwa kutumia simu, na wakaweza.

Mtoto wangu ana miezi miwili na macho yake yanazungukazunguka. Niogope?

Bado. Macho ya mtoto mchanga hupotea njia mara kwa mara hadi miezi mitatu au minne hivi. Lakini jicho lililokaa upande mmoja wakati wote, au linaloendelea kupinda baada ya miezi minne, lipelekwe likaangaliwe. Kuna pia watoto wenye pua pana na mkunjo wa ngozi pembeni mwa jicho ambao huonekana wana makengeza kumbe hawana. Mtaalamu atakwambia kwa dakika chache akitumia tochi.

Naona weupe ndani ya mboni, hasa kwenye picha za simu.

Acha kusoma hapa, mpeleke hospitali wiki hii hii. Weupe ndani ya mboni waweza kuwa mtoto wa jicho, na waweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo mara nyingine huanza kwa makengeza matupu. Ikiwahiwa, mtoto huokolewa. Ndiyo maana kila mtoto mwenye makengeza anapaswa kuchunguzwa ndani ya jicho, hata kama jamaa zako wote wana makengeza na wako sawa.

Tuanzie wapi?

Anza na kliniki ya macho ya hospitali ya kaunti yako. Utakutana na tabibu wa macho au mpimaji macho, na wao ndio watakaokuandikia barua ya kwenda mbele. Hapa mjini watu wengi huishia Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Walio upande wa Vihiga na Kakamega wana hospitali ya macho ya Sabatia, na waliopanda juu wana hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Upasuaji wa makengeza kwa watoto haufanywi kila mahali panapofanywa upasuaji wa macho, kwa hiyo usishangae ukitumwa mbali, hata Kikuyu au Nairobi.

Siku ya kwanza nenda ukiwa na muda. Mtoto atatiwa matone ya kupanua mboni, mtangoja, ataona ukungu kwa karibu na jua litamsumbua. Beba kofia. Matone hayo ni ya lazima kwa sababu jicho la mtoto lina nguvu ya kujirekebisha, na bila kulilegeza kwanza kipimo kitadanganya. Miwani ya mtoto mwenye makengeza iliyopimwa kwa mashine tu dukani, bila matone, mimi siiamini.

Mbona tumepewa miwani na tulikuja kwa ajili ya jicho kupinda?

Kwa sababu huenda miwani ndiyo dawa yote. Watoto wengi ambao jicho hupinda kuelekea puani huwa na macho yanayojikaza mno ili kuona, na kule kujikaza ndiko kunakolivuta jicho ndani. Miwani ikibeba kazi hiyo, jicho linarudi mahali pake. Hata upande wa jicho vivu, wapo watoto ambao jicho huamka kwa miwani pekee bila kiraka cha kuziba jicho jingine, na ndiyo maana daktari anaweza kuwaacha na miwani miezi mitatu au minne kabla ya kuongeza chochote.

Sasa lile la kuwatisha wazazi: akivua miwani usiku, jicho linapinda hata kuliko zamani, na nyumbani wanasema, “Si mnaona miwani imemharibu?” Haijamharibu. Jicho limekwisha kuonja raha ya kutojikaza, na ubongo umezoea picha safi. Ukimvua anajikaza kwa nguvu ili aipate tena. Avae kutoka kuamka hadi kulala.

Nunua lenzi za plastiki ngumu, si kioo, na fremu yenye kamba ya kufunga nyuma ya kichwa. Kumbuka pia kwamba mtoto mwenye jicho moja tu zuri anategemea hilo moja. Manati, miiba, vijiti vya kuchomea mahindi, vyote hivyo miwani humkinga navyo.

Kiraka kinawekwa jicho gani, na kwa saa ngapi?

Kinawekwa jicho zuri. Narudia kwa sababu nimekutana na mama aliyekuwa akiliziba lile bovu, akisema analipumzisha. Lile bovu limepumzika vya kutosha, linatakiwa kazini.

Saa hupangwa na daktari kulingana na jicho linavyoona. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa udhaifu wa wastani saa mbili kwa siku zilifanya kazi sawa na sita, na kwa udhaifu mkali saa sita zilitosha, bila kumfunga mtoto kutwa nzima. Usiongeze saa kwa bidii yako mwenyewe. Jicho zuri nalo, likizibwa kupita kiasi, hasa kwa mtoto mdogo sana, laweza kudhoofika.

Anakibandua. Tufanye nini?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hakuna daktari atakayekufanyia. Fikiria wewe uzibwe jicho lako zuri, uambiwe utembee kwa lile lisiloona, katika joto la Kisumu la mwezi wa pili, plasta imelowa jasho. Ungekibandua pia.

Sisi tulianza vibaya. Tulimziba asubuhi kabla ya shule, wenzake wakamwita jina nisilotaka kuliandika, akarudi na kiraka mfukoni. Tukahamisha saa hadi jioni, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, akiwa nyumbani, baada ya kunawa uso na jua kupungua. Tukampa kazi za macho za karibu: kuchagua mawe kwenye maharagwe, kutunga shanga, kupaka rangi. Maharagwe yalishinda vyote, kwa kuwa alijua ni kazi ya kweli na chakula cha usiku kinamngoja yeye. Katuni kwenye simu tuliziruhusu siku ambazo kila kitu kimeshindikana.

Kiraka kibandikwe kwenye ngozi, miwani ivaliwe juu yake. Kile kitambaa cha kuvisha lenzi ya miwani hupendeza, ila mtoto mjanja huchungulia kwa juu, na wote ni wajanja. Viraka vya kubandika ukivikosa, uliza kliniki wakuonyeshe kutengeneza kwa pamba ya hospitali na plasta laini ya karatasi. Ngozi ikipata upele, badilisha pembe ya kubandika kila siku, na unapobandua lowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu.

Tulitundika kalenda ukutani, kila siku aliyomaliza saa zake akachora samaki. Kuna wiki zilikuwa na samaki wawili tu. Ukienda kliniki sema ukweli kuhusu wiki hizo, la sivyo daktari atadhani matibabu yameshindwa kumbe hayajafanywa.

Nimesikia kuna matone badala ya kiraka.

Yapo, yanaitwa atropini. Hutiwa jicho zuri ili lione ukungu kwa karibu na lile vivu lishike kazi. Kwa udhaifu wa wastani yamelinganishwa na kiraka na kupatikana yanafaa karibu sawa, na mara nyingine hutiwa siku mbili za wikendi tu. Mboni hukaa wazi kwa siku kadhaa na jua humuumiza. Chupa ifungiwe juu, kwa maana mtoto akiinywa ni sumu. Akipata uso mwekundu, homa au moyo kwenda mbio, acha matone na umpeleke hospitali.

Maziwa ya mama je? Au dawa ya majani?

Usitie jichoni. Hakuna kati ya hivyo kinachoufikia ubongo, na nimeona mwanafunzi aliyebaki na kovu kwenye kioo cha jicho kwa ajili ya majani.

Wangu ana miaka tisa. Tumechelewa?

Mmechelewa kiasi, hamjapitwa. Kabla ya miaka saba ndiyo wakati mzuri zaidi. Lakini mwaka 2005 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani juu ya watoto wakubwa, na karibu nusu ya wenye miaka saba hadi kumi na miwili waliopewa miwani, kiraka na matone walipata nafuu ya kuonekana. Jaribuni.

Upasuaji si utamaliza yote mara moja?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu. Mahali fulani tulipokwenda kwanza tuliambiwa hivyo hivyo: afanyiwe upasuaji, yaishe. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia ng'ombe wangu mnunuzi. Ilichukua daktari mwingine, miezi mingi baadaye, kutueleza kwamba upasuaji hunyoosha jicho lakini haulifundishi kuona. Jicho vivu likinyooshwa linabaki jicho vivu lililonyooka, na ubaya wake ni kwamba sasa watu wote nyumbani wanaamini limepona, kiraka kinatupwa, na miaka ya kujifunza inapita.

Kwa hiyo mara nyingi mpango huwa miwani kwanza, kisha kiraka au matone hadi jicho lifike linapoweza kufika, halafu ndipo mazungumzo ya kisu yaanze. Jicho linaloona vizuri hata hushikilia vyema pale lilipowekwa. Saa inayokukimbiza ni ya kuona. Kunyoosha kunaweza kusubiri mwaka, na hata watu wazima hunyooshwa macho.

Basi nani hasa anahitaji upasuaji?

Kama macho yananyooka kabisa akivaa miwani, hahitaji. Usimpeleke kufanyiwa upasuaji ili aache miwani. Kama yananyooka nusu, upasuaji hushughulikia ile nusu iliyobaki, na miwani inaendelea. Wangu alikuwa huyo.

Mtoto aliyepinda macho kuelekea puani kabla ya miezi sita, tena kwa pembe kubwa, ni habari nyingine. Huyo kwa kawaida hufanyiwa mapema, mara nyingi kabla ya miaka miwili, ili ubongo upate nafasi ya kuyatumia macho yote mawili pamoja. Yule ambaye jicho hutoka nje mara mojamoja akichoka anaweza kuangaliwa tu kwa miaka. Likianza kukaa nje sehemu kubwa ya siku, mazungumzo hubadilika. Na mtoto mkubwa ambaye makengeza yamemjia ghafla, anaona vitu viwili viwili, anaumwa kichwa au kutapika, aende hospitali haraka, kwani shida huenda iko kwenye neva au ubongo.

Wengine hunong'ona kwamba ni aibu kumpasua mtoto “kwa ajili ya sura”. Mimi nafundisha watoto. Nimeona mwanafunzi akijibu swali huku ameficha uso kwa daftari. Sura ni sababu, na haina haja ya kufichwa.

Kabla ya kukubali, muulize daktari jicho linapinda kiasi gani akiwa na miwani na akiwa bila miwani, kama vipimo vya siku mbili tofauti vimelingana, jicho vivu limefika wapi, na yeye atafanya nini lisiponyooka mara ya kwanza. Daktari wetu alijibu hilo la mwisho bila kukasirika, nikatulia.

Ni kweli wanalitoa jicho nje?

Hapana, ingawa hata shemeji yangu mwenye digrii aliniuliza. Kila jicho huzungushwa na misuli sita iliyoshikamana nalo kwa nje. Daktari hufungua ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, aufikie msuli, kisha auhamishe nyuma ili ulegee au aufupishe ili uvute zaidi, kwa kupima milimita. Jicho linabaki mahali pake muda wote. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Na mnaweza kuambiwa misuli ya macho yote mawili itaguswa. Macho hufanya kazi kama maksai wawili kwenye nira, na kusawazisha huwa rahisi ukishika pande zote.

Je, nusukaputi?

Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi mimi, kuliko kisu. Mtoto hulazwa usingizi kamili. Msuli wa jicho ukivutwa, moyo unaweza kupunguza mwendo, na mtu wa usingizi hukaa akiuangalia na dawa iko tayari. Waambieni kama ana kikohozi, homa, pumu, au kama kuna mtu wa ukoo aliyepata shida na dawa ya usingizi. Akiwa na mafua siku hiyo wataahirisha, na ni sawa. Saa za kufunga kula na kunywa zifuatwe kama zilivyosemwa, hata akilia. Nyanya yake alitaka kumpa uji kidogo tu. Tulimwomba abaki nje na mimi.

Hatari ni zipi, na makengeza yanaweza kurudi?

Yanaweza. Jicho huweza kubaki limepinda kidogo au kupindukia upande wa pili, na baadhi ya watoto hurudi kwa mara ya pili, wengine baada ya miaka. Kuona vitu viwili viwili kwa siku chache hutokea. Maambukizi makali na kupoteza uwezo wa kuona ni nadra sana, lakini sahihi unayotia ni kwa ajili ya hayo pia.

Gharama?

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hakikisha mtoto amesajiliwa chini yako na malipo yako hayajasimama, kisha uombe hospitali itafute idhini kabla ya siku kupangwa na ikuandikie kitakachobaki mfukoni mwako. Miwani, viraka na nauli za kliniki ndizo zilizotula sisi zaidi.

Nyumbani kwetu wanakataa.

Kwetu pia walikataa. Mama yangu, kule Seme, alisema Mungu alimuumba hivyo na babu yake alikuwa hivyo. Sikubishana. Nilimwalika kliniki, akakaa pale mtoto alipozibwa jicho la kulia na kuambiwa asome herufi. Mtoto alisoma ile kubwa ya juu, akanyamaza. Mama alinigeukia akauliza, “Kumbe haoni?” Hapo mazungumzo yalikwisha.

Baada ya upasuaji itakuwaje?

Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Atatapika huenda, na jicho litakuwa jekundu kama limepigwa. Wekundu huchukua wiki kadhaa kuisha. Matone mtapewa. Asioge ziwani wala mtoni, asisugue, asicheze mchangani hadi daktari aseme. Shule baada ya wiki moja hivi. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha, kope kuvimba sana au kuona kufifia, rudini bila kungoja tarehe.

Na kiraka? Kinaweza kuendelea. Wangu aliendelea miezi mitano mingine. Hata baada ya kuacha, karibu mtoto mmoja kati ya wanne jicho huanza kulala tena katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo kliniki haiachwi kwa sababu mambo ni mazuri.

Wadogo zake nao?

Wapimwe, kwa sababu hali hii hutembea kwenye ukoo. Mdogo wake tulimpeleka alipofika miaka mitatu. Macho yake yako sawa. Alilia njia nzima kutoka Russia hadi Kondele kwa sababu hakupewa kiraka, na hatachora samaki.